Ufunguo wa geti la nyuma: namna ya kufanyisha tathmini ya moto kwenye maduka na nyumba za kupangisha

Kufuli lile ninalo mpaka leo. Liko kwenye droo ya meza yangu, limekatika sikio, na kila ninapotafuta risiti za kodi nakutana nalo.

Jengo letu liko Mwanza mjini, jirani na Makoroboi. Ni la ghorofa mbili: chini maduka manne, juu vyumba tisa vya kupangisha, nyuma kuna ua mdogo unaotokea kichochoroni. Marehemu baba ndiye aliyelijenga. Mchana mmoja moshi ulianza kutoka kwenye stoo ya duka la cherehani. Ekstensheni ilikuwa imelazwa chini ya viroba vya vitambaa, imechomekwa pasi na cherehani mbili za umeme, ikayeyuka taratibu bila mtu kuiona. Waliokuwa juu wakashuka kwa ngazi ya nyuma, wakalikuta geti limefungwa. Ufunguo alikuwa nao mlinzi, na mlinzi alikuwa ametoka kununua vocha. Bibi wa chumba namba sita alikuwa amembeba mjukuu wake, amemziba pua kwa kitenge, anapiga nondo kwa kiganja. Kijana wa gereji ya mkabala aliruka ukuta na tindo na nyundo, akavunja kufuli. Hakufa mtu. Lakini ukutani, kwenye korido ile ile, tulikuwa tumetundika mitungi mitatu ya kuzimia moto, yote mizima, mshale kwenye kijani.

Kwa hiyo wenzangu wenye nyumba wanaponiuliza waanzie wapi, wengi wakiwa tayari na hela ya mitungi mkononi, nawaambia wairudishe kwanza mfukoni. Anza na mlango. Mtungi wa poda wa kilo sita unamwaga kwa sekunde chache tu, haifiki nusu dakika, na anayeushika lazima awe na pa kukimbilia ukiisha.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni ukaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Huo upo kisheria, chini ya Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007: askari anakuja, anakagua, anakupa maelekezo, na ukitimiza unapata cheti. La pili ni tathmini yako mwenyewe ya hatari za moto, yaani kuitembelea nyumba yako chumba kwa chumba na kuandika ni nini kinaweza kuwaka, ni nani ataumia, na ufanye nini kabla hakijawaka. Ukiwa na wafanyakazi, hata mmoja wa dukani, hili la pili nalo si hiari: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inamtaka mwajiri atathmini hatari za mahali pake pa kazi. Mimi hufanya tathmini kwanza, ndipo naita ukaguzi. Askari akifika anakuta karatasi mezani, na mazungumzo yetu yanakuwa ya watu wawili wanaolijua jengo.

Kuomba ukaguzi si kazi ngumu. Unaandika barua kwa Kamanda wa Zimamoto wa mkoa, unaipeleka mwenyewe ofisini. Barua yangu ni ya nusu ukurasa: jengo liko mtaa gani na kata gani, lina ghorofa ngapi, linatumika kwa nini kila ghorofa, wanalala watu wangapi, namba ya simu ya mtu mwenye funguo zote. Hilo la matumizi liandike kwa ukweli. Ukiandika "makazi" wakati chini kuna mtu anajaza gesi mitungi midogo, umejidanganya mwenyewe, kwa sababu ushauri utakaopewa ni wa nyumba nyingine isiyo yako. Tozo hutegemea aina ya jengo na ukubwa wake, na hulipwa kwa kontroli namba, benki au kwenye simu. Usimpe mtu hela mkononi. Vishoka wapo mjini, wanavaa fulana zenye maandishi ya moto mgongoni, wanauza mitungi na "vyeti" kwa mkupuo. Muombe kitambulisho, piga simu ofisini kuuliza kama wamemtuma, na kama hana kontroli namba mwache aende.

Tathmini yenyewe unaweza kuifanya mwenyewe kwa jengo dogo kama langu. Kwa hoteli, ghala, hosteli ya wanafunzi kule Malimbe na Nyegezi, au jengo la ghorofa nyingi, tafuta mtaalamu. Muulize mapema maswali matatu: atapanda hadi darini au ataishia koridoni? Ataongea na wapangaji? Ripoti yake itasema nani afanye nini na lini, au itanakili kifungu cha sheria tu? Niliwahi kulipia ripoti ya kurasa arobaini ambayo jina la jengo la mtu mwingine lilibaki kwenye ukurasa wa kumi na mbili. Nilirudisha, na nikajifunza kutomlipa mtu wote kabla sijaisoma ripoti mbele yake.

Kabla ya siku ya kutembea, kusanya vitu hivi kwenye faili moja: ramani ya jengo, hata ya kuchora kwa mkono, karatasi za fundi umeme aliyefunga nyaya, awe mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji), orodha ya wapangaji na idadi ya wanaolala kila chumba, risiti za kuhudumia mitungi. Kwenye idadi ya wanaolala, usitegemee mkataba. Mkataba unasema mtu mmoja, usiku wanalala wanne. Ulizia kwa upole, waambie wazi kwamba huongezi kodi, unahesabu vichwa vya kutoa nje.

Siku yenyewe ikifika, usianzie getini. Anzia chumba cha mbali kabisa, chenye njia ndefu, ukiwa umesimama kitandani pa mpangaji kama atakavyokuwa yeye saa nane usiku. Kisha tembea kwenda nje. Zima taa za korido. Hesabu milango unayofungua, na kila mlango jiulize unafunguka bila ufunguo au la. Angalia kama kuna pikipiki chini ya ngazi, kama kuna ndoo, jiko la mkaa, godoro lililosimamishwa ukutani. Pikipiki ina petroli, na chini ya ngazi ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuiweka, maana moto wake unakula njia yenyewe. Rudia safari hiyo usiku, taa zimezimwa, maduka yamefungwa. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021, wafanyabiashara wakiwa wameshafunga na kwenda nyumbani. Nyumba ya saa sita mchana na nyumba ya saa sita usiku ni nyumba mbili tofauti, na ya usiku ndiyo unayopaswa kuiogopa.

Madirisha ya nondo ni jambo ambalo sitalinyamazia. Tunaogopa wezi, na tuna haki. Lakini chumba chenye mlango mmoja na dirisha lililochomelewa nondo hakina njia ya pili. Kwa kila chumba cha namna hiyo nimemwita mchomeleaji akate fremu moja, aiwekee bawaba na komeo la ndani, likae mbali kiasi kwamba mkono wa mtu wa nje haulifikii. Si komeo la kufuli. Komeo la kuvuta, ambalo mtoto wa miaka minane analiweza gizani. Nilimwita mjukuu wa yule bibi, sasa amekua, nikamwambia alifungue macho yamefumbwa. Lililomshinda tulilipiga msasa na kulitia mafuta mpaka likamtii. Na geti la nyuma halina kufuli tena, lina komeo la ndani la namna hiyo hiyo.

Baada ya njia, umeme. Hapa nakuomba ushike kalamu. Soketi ya kawaida na plagi yake vimetengenezwa kwa ampea 13. Umeme wetu ni volti 230. Zidisha: ni wati 2,990. Jiko la umeme la kupikia lenye koili moja mara nyingi ni wati 1,000 hadi 2,000, birika la kuchemshia maji ni 1,500 hadi 2,000, pasi ni 1,000 na kitu. Mpangaji akiunganisha jiko la wati 2,000 na birika la wati 1,800 kwenye ekstensheni moja, amefika 3,800. Waya hautapiga kelele. Utapata joto kidogo kidogo, plastiki italainika, na mahali pa kwanza pa kuonyesha ni kwenye plagi: rangi ya kahawia kuzunguka pini, na harufu kama ya samaki aliyeoza. Ukiisikia harufu hiyo kwenye nyumba isiyo na samaki, zima meni swichi kwanza, uulize baadaye. Mwambie fundi apime nyaya za jengo zima kwa mega, kifaa kinachoonyesha kama mpira wa waya unavujisha umeme, aangalie erthi, na afungue kila sakiti breka kuona kama kuna mtu aliweka kubwa zaidi "ili isijikate". Kwangu tulikuta mbili. Breka inayojikata inakuambia ukweli. Kuibadilisha kwa kubwa ni kumziba mdomo shahidi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja inashuka, inatambaa sakafuni, inajaa kwenye shimo au chumba cha chini. Kwa hiyo mtungi ukae wima, mahali penye hewa, ikiwezekana nje kwenye kizimba cha nondo. Mpira na rejuleta vipake povu la sabuni. Pakitoa mapovu, pameachia. Usipime kwa kiberiti, hata kama umeona fundi akifanya hivyo mara mia.

Sasa niwapeleke Igombe, maana wengi wetu tuna vyumba ufukweni na hakuna mtaalamu wa mjini anayeulizia mambo ya huko. Tuna vyumba sita huko, wapangaji karibu wote ni wavuvi wa dagaa. Mara ya kwanza nilikwenda kufanya tathmini kipindi cha giza. Vyumba vilikuwa vitupu, safi, kitanda na ndoo. Nikaandika "hatari ndogo", nikarudi mjini nimeridhika. Mama mmoja anayeanika dagaa jirani hapo ndiye aliyenifungua macho. Akaniambia, "Mama mwenye nyumba, njoo mbalamwezi." Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, wavuvi wanapumzika, na vyombo vyote vinarudi nyumbani. Nikarudi wakati wa mbalamwezi. Chumba namba tatu: mashine ya mtumbwi imeegemezwa ukutani, madumu mawili ya petroli chini ya kitanda, betri nne za taa zinachajiwa kwenye ekstensheni moja, nyavu zimerundikwa juu yake, na mlangoni jiko la mkaa linachemsha ugali. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka ukutane na mkaa. Na betri za maji, zile za risasi na asidi, zikichajiwa hutoa haidrojeni, ambayo cheche moja inatosha kuilipua kwenye chumba kilichofungwa.

Sikumfokea mtu. Wale ni watu wanaolinda mali yao. Mashine ya mtumbwi ikibaki ufukweni usiku inaibiwa. Kama ukikataza bila kutoa mahali pengine, petroli itarudi chini ya kitanda ukishaondoka. Tulikaa nao chini ya mwembe, tukakubaliana: nikajenga banda dogo la matofali na mlango wa chuma, lenye matundu chini na juu, hatua ishirini na tano kutoka vyumbani. Humo zinakaa mashine na madumu, kila mtu na sehemu yake. Betri zina rafu yake chini ya paa lililo wazi pande tatu, na soketi zake zimefungwa na fundi, si ekstensheni. Walinzi wanapeana zamu wenyewe. Wakati wa kuchagua mahali pa kukusanyikia, wao ndio walionikumbusha upepo: mchana unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka. Mahali nilipopachagua mimi, nyuma ya vyumba kuelekea barabarani, mchana pangejaa moshi wote. Tukahamishia ubavuni, kwenye jiwe kubwa jeupe, ambako upepo wa saa yoyote hauupeleki moshi moja kwa moja.

Wenye nyumba za milimani, kule Mabatini, Igogo na Bugando kwa juu, nyumba zimekaa juu ya mawe na njia ni ngazi za kuchonga. Gari la zimamoto halipandi huko. Kwenye tathmini yako andika gari litaishia wapi, ni hatua ngapi kutoka hapo hadi mlangoni, na nani atashuka kulipokea. Simtanki lako lifungiwe bomba la chini na mpira unaofika chumba cha mwisho. Mjini ulizia haidranti, yaani bomba la mtaani ambako gari la zimamoto huchota maji, ya karibu iko wapi, na ukiikuta imejengewa kibanda, toa taarifa zimamoto na kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo. Namba ya dharura ni 114. Iandike ukutani kwa rangi, si kwenye karatasi, na chini yake andika namna ya kuelekeza: mtaa, alama ya karibu, upande gani wa barabara. Mtu mwenye hofu husahau hata jina la mtaa anaoishi.

Mitungi sasa. Poda inafaa kwa vitu vingi. Kaboni dioksaidi ni nzuri kwenye meni swichi na vyombo vya umeme kwa sababu haiachi uchafu. Maji usiyamwage kwenye umeme wala kwenye mafuta ya kukaangia. Mafuta yakishika moto, zima jiko, funika kwa mfuniko au blanketi la moto, na usilisogeze sufuria. Tundika mtungi karibu na mlango wa kutokea, usiwe ndani kabisa ambako ukiufuata moto unaweza kukuzibia njia ya kutokea. Uhudumiwe kila mwaka. Vitambua moshi weka kwenye korido na vyumba vya kulala, bonyeza kitufe kila mwanzo wa mwezi unapokusanya kodi. Wapangaji wangu wamezoea, wakisikia kinalia wanajua mama amefika.

Ukimaliza kutembea, andika. Mimi natumia daftari la kaunta, mistari minne tu kwa kila jambo: nimeona nini na wapi, nani ataumia, nani atarekebisha, lini. Nayapanga kwa haraka yake: ya leo kabla sijaondoka, ya wiki hii, ya kabla ya kodi ijayo. Kufuli kwenye njia ni la leo. Petroli chumbani ni la leo. Rangi ya mshale wa kuonyesha njia ya kutokea inaweza kusubiri. Kila jambo likifanyika, mpangaji husika ananiwekea sahihi, si mimi peke yangu.

Kisha mkataba wa pango. Ongeza vifungu vichache kwa Kiswahili cha kawaida: hakuna petroli ndani, hakuna kubadilisha umeme bila fundi wa jengo, njia isizibwe, mwenye duka anayebadilisha biashara atoe taarifa kabla. Na upande wako pia ujifunge: mwenye nyumba atahudumia mitungi na kupima nyaya. Wapangaji husaini kwa moyo wakiona na wewe umejifunga. Kampuni ya bima nayo, ukienda kukata bima ya jengo, itataka kuona karatasi hizi.

Zoezi la kutoka tunafanya mara mbili kwa mwaka, mara moja mchana, mara moja usiku. Mara ya kwanza walicheka, wakabeba televisheni. Nikawaacha wacheke, tukarudia. Bibi wa chumba namba sita magoti yanamsumbua, hivyo tumemhamishia chumba cha karibu zaidi na ua, kodi ile ile, na vijana wawili wa chumba cha pili ndio wenye jukumu lake. Majina yao yako kwenye daftari.

Tathmini haidumu. Ikibadilika biashara, akiingia mpangaji mpya, ukuta ukibomolewa, unatembea upya sehemu ile hata kama mwaka haujaisha. Mwezi uliopita duka la tatu limechukuliwa na kijana wa chipsi. Kabla hajaanza kukaanga tulitembea mimi na yeye, kutoka kwenye jiko lake hadi uani. Mtungi wake wa gesi ulikuwa umesimama koridoni, hatua mbili kutoka ngazi ya nyuma. Tumeutoa nje, kwenye kizimba, mpira umepita ukutani ndani ya bomba la chuma, na mfuniko wa karai umetundikwa kwenye msumari upande wake wa kulia, anapoufikia bila kuinama.